Wavulana Wawili wa Nini? Dhana Potofu Kuhusu Mapenzi Katika Riwaya za Vijana

Mwezi uliopita nimeletewa mswada mwingine wa distopia, yaani hadithi ya jamii ya kubuni inayokandamizwa na dola. Ukurasa wa 3 kuna msichana wa miaka 16, dola katili na ukuta mrefu. Ukurasa wa 7 katokea mvulana mwenye macho ya kijivu. Ukurasa wa 14 katokea wa pili, rafiki wa utotoni, hodari wa kuwinda. Hadithi yenyewe inatokea Morogoro. Hayo macho ya kijivu yametoka wapi, sikuambiwa. Nikampigia simu mwandishi, kijana mwenye kipaji kwelikweli, nikamuuliza huyu wa pili ana kazi gani humu ndani.

"Dada, si distopia? Lazima wawe wawili."

Miaka yote niliyohariri miswada, hiyo "lazima" nimeisikia mpaka nimechoka. Na kila anayeitetea hunitajia The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008. Haya, tukifungue hicho kitabu. (Ambaye hajasoma anisamehe, nitafichua mengi.)

Katniss na Peeta ni vijana wawili waliopelekwa na dola kwenye michezo ya kuuana inayoonyeshwa kwenye televisheni. Kabla haijaanza, Peeta anatangaza kwamba anampenda Katniss akiwa kwenye televisheni, mbele ya nchi nzima. Katniss anaona amedhalilishwa, anamsukuma kijana wa watu mpaka anaangukia chungu cha maua na kukatwa mikono. Haymitch, mshauri wao, ndiye anayemfungua macho: sasa anatamanika, na anayetamanika hupata wafadhili wa kumtumia msaada ulingoni. Baadaye wamejificha pangoni, Peeta anaungua homa kwa jeraha la mguu. Katniss anambusu. Akitoka nje anakuta parachuti limeshusha chungu cha supu ya moto. Ujumbe anaupata bila barua: busu moja, chungu kimoja. Hapo mapenzi ni sarafu. Msichana anabusu ili mwenzake ale, huku akili yake yote iko kwenye kamera.

Endelea kitabu cha pili. Rais Snow anamfuata mpaka nyumbani, kwa sababu zile beri za sumu alizotaka kula pamoja na Peeta mwisho wa michezo, badala ya kuuana, zimeonekana wilayani kama uasi. Utetezi alio nao Katniss ni mmoja tu: nilipagawa na mapenzi. Yaani mapenzi yamekuwa hoja ya mshtakiwa. Wangapi kati ya wanaoniletea wavulana wawili wamewahi kuliona hilo?

Na Gale je, yule mvulana wa pili, rafiki wa Katniss wa kuwinda naye? Katika kitabu cha kwanza anaaga mapema, michezo inaanza na kwisha yeye hayumo ulingoni. Uzito wake unakuja kitabu cha tatu, anaposhiriki kubuni mabomu yanayolipuka mara mbili: la kwanza linaumiza, la pili linangoja waokoaji wafike. Bomu la namna hiyo ndilo linalomuua Prim, mdogo wake Katniss, na Gale mwenyewe hawezi kuapa kwamba si lake. Baada ya hapo nani atauliza yupi mzuri wa sura? Kati ya wale wawili, Collins alikuwa anauliza mtu aliyetoka vitani ataishi na nini: na moto uleule, au na kitu kinachoota baada yake. Ukichukua wavulana ukaliacha swali, umechukua maganda.

Isitoshe, Divergent ya Veronica Roth, ya 2011, iliuza mamilioni. Tris anampenda Four. Basi. Hakuna wa pili anayemvuta huku na huku.

Dawa yangu ni moja na waandishi wangu wananichukia kwayo. Toa nakala ya mswada, kisha umfute mvulana wa pili kila anapotajwa: jina, maungo, harufu ya msituni, kila kitu. Soma upya. Kama ukuta bado unaanguka siku ileile na kwa sababu ileile, alikuwa pambo.

Dhana potofu nyingine nazipitia haraka, maana hazinipandishi presha kiasi hicho.

Eti wivu ndio ushahidi wa mapenzi. Hii inatoka upande wa vampaya. Katika Eclipse ya Stephenie Meyer, ya 2007, kitabu cha tatu cha mfululizo wa Twilight, vampaya Edward anachomoa kifaa kwenye injini ya gari la mpenzi wake Bella asiende kumwona Jacob, mvulana wa pili. Jacob naye, kitabu hichohicho, anambusu kwa nguvu. Bella anamtwanga ngumi na kuumia mkono yeye. Halafu wasomaji wakagawanyika timu mbili! Kwetu mchumba akichomoa waya wa betri ili binti asitoke, mashangazi wanaitisha kikao jioni hiyohiyo. Sikatazi kumwandika kijana mwenye wivu. Nataka kitabu kijue kwamba ni wivu.

Eti Twilight ndiyo iliyoanzisha haya ya msichana mmoja na wavulana wawili. Ilitoka 2005. L. J. Smith, katika The Vampire Diaries, alikwisha mweka Elena katikati ya ndugu wawili vampaya, Stefan na Damon, tangu 1991.

Eti mapenzi ni sukari ya kupunguzia ukali wa siasa, kwa hiyo mwalimu akitaka kitabu kiingie darasani ayakate. Katika Delirium ya Lauren Oliver, dola imetangaza kwamba mapenzi ni ugonjwa, na ukifika miaka 18 unapasuliwa uponywe. Katika Matched ya Ally Condie, serikali ndiyo inayokuchagulia mwenza. Mwalimu, ukikata mapenzi humo utabaki na jalada.

Na eti lazima waishie kuoana. Callum wa Noughts & Crosses ya Malorie Blackman ananyongwa, Sephy akiwa na mimba yake. Kitabu cha 2001, na vijana wanakisoma mpaka leo.

Yule kijana wa Morogoro amenirudishia mswada juzi. Amemfuta mwindaji, kurasa 41 zimeondoka na hakuna tukio hata moja lililopotea. Aliyebaki, macho yake bado ni ya kijivu.