Highway Patrol ni Nini? Tuitazame ya California

Kwetu trafiki ni trafiki. Anayekusimamisha Mombasa na anayekusimamisha Nakuru wote ni polisi wa taifa moja, na aliyeko Chalinze hana tofauti na aliyeko Makambako. Ndugu zetu wanaohamia Marekani huchanganyikiwa mwanzoni kwa sababu ndani ya safari ya saa moja watapishana na magari ya polisi ya namna tatu: ya mji, ya sherifu (mkuu wa polisi) wa kaunti, na yale yenye maandishi Highway Patrol. Hayo ya tatu ndiyo ninayotaka kuyaeleza, na nimechagua ya California kwa kuwa historia yake inaonyesha wazi kilichofanya chombo cha namna hii kihitajike.

Kwa Kiswahili chepesi, Highway Patrol ni doria ya barabara kuu. Ni polisi wa jimbo ambao kazi yao ya kwanza ni usalama wa barabarani, na mamlaka yao hayakatiki kwenye mpaka wa mji wala wa kaunti. Marekani haina polisi mmoja wa taifa zima. Mji una polisi wake chini ya serikali ya mji, na kaunti ina sherifu ambaye kwa kawaida huchaguliwa kwa kura. Mpangilio huo ni wa enzi za farasi, mtu alipokuwa akisafiri siku nzima bila kutoka kaunti yake. Gari lilipoingia, dereva aliweza kuvuka kaunti tatu kabla ya chakula cha mchana.

Huko ndiko California ilikokwama miaka ya 1920. Kila kaunti ilikuwa na askari wake wa barabarani, na ilisimamia sheria kwa mtindo wake. Tarehe 14 Agosti 1929 Gavana C. C. Young alitia saini sheria iliyounda California Highway Patrol, ambayo wenyeji huiita CHP. Kazi ya kukipanga kikosi alipewa Eugene Biscailuz, aliyekuja kuwa sherifu wa Los Angeles kwa miaka mingi baadaye. Katika miaka kumi ya kwanza kikosi kilifikisha askari 730 hivi, baadhi yao wakifanya doria kwa pikipiki.

Mwanzoni CHP ilikuwa tawi tu ndani ya ofisi ya jimbo ya magari na leseni. Ilipofika Oktoba 1947 ikapewa idara yake yenyewe, na mkuu wake akaitwa Kamishna. Wakati ulikuwa mwafaka. Barabara ya Arroyo Seco, yenye njia zisizokatizwa na makutano, ilikuwa imefunguliwa Los Angeles mwaka 1940, na mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu nchi nzima. Barabara hizo zinapita juu ya miji na chini yake, na polisi wa mtaa hakuwa mtu wa kuzisimamia.

Kuna usiku mmoja ambao hauwezi kuachwa katika habari hii. Mwezi Aprili 1970, karibu na usiku wa manane, huko Newhall kaskazini mwa Los Angeles, askari wawili walisimamisha gari kwenye uwanja wa maegesho, na wawili wengine wakaja kuwasaidia. Kwa muda usiozidi dakika tano wote wanne walikuwa wameuawa kwa risasi. Walikuwa vijana wenye umri wa miaka ya ishirini, na hakuna kati yao aliyekuwa ametimiza miaka miwili kazini. CHP ilibadilisha mafunzo yake kuanzia hapo: namna ya kulikaribia gari, mahali pa kusimama, wakati wa kusubiri wenzako. Ukiona askari wa Marekani anakujia taratibu, akijibana karibu na ubavu wa gari lako na mkono u karibu na kiuno, ujue hatua zile zina historia, na zimelipiwa kwa damu.

Mwaka 1974 wanawake wa kwanza waliingia chuoni kusomea uaskari wa doria. Mwaka 1995 CHP iliunganishwa na polisi wa jimbo waliokuwa wakilinda majengo ya serikali, ndiyo maana leo ulinzi wa gavana uko mikononi mwake. Ni CHP pia inayotoa tahadhari ya mtoto aliyetekwa, ile inayolia kwenye simu zote kwa pamoja.

Makao makuu yako Sacramento. Kamishna huteuliwa na gavana. Chini yake jimbo limegawanywa kanda nane, na kila kanda ina ofisi zake za eneo, ambazo kwa jumla zinazidi 100. Ofisi ya eneo kwa kawaida huongozwa na kapteni. Chuo kiko West Sacramento, na mkurufunzi hulala hapohapo kwa takriban miezi sita.

Jambo ambalo mimi naona lina uzito kuliko vyeo vyote hivyo ni fedha. Bajeti ya CHP hutoka zaidi kwenye mfuko unaojazwa na ada za usajili wa magari na leseni. Faini unayotozwa hupitia mahakamani na kugawanywa huko. Haiingii kituoni kwa askari aliyekuandikia. Kwa mtu aliyekulia kwenye barabara zetu, hilo si jambo dogo.

Kuhusu kazi yenyewe, watu hudhani ni kukamata wanaokimbiza magari tu. Hiyo ipo, hata kwa ndege: rubani anapima muda ambao gari linatumia kutoka mstari mmoja uliochorwa barabarani hadi mwingine, kisha anampigia redio mwenzake aliye chini. Lakini tazama hili. Ngazi imeanguka kutoka kwenye pikapu na imelala katikati ya barabara yenye njia tano. Gari la doria linawasha taa na kuanza kutembea kishazari, kutoka njia ya kushoto hadi ya kulia na kurudi, likipunguza mwendo kidogo kidogo. Hakuna anayethubutu kulipita. Nyuma yake mamia ya magari yanapoa, mbele kunabaki uwazi mtupu, na mtu anapata sekunde za kukimbia kuiondoa ngazi. Kwenye Bonde la Kati la California, majira ya baridi, askari haohao hutangulia mbele na kuongoza msururu ndani ya ukungu mzito. Mwezi Novemba 2007 magari zaidi ya 100 yaligongana ndani ya ukungu kama huo kwenye barabara namba 99 karibu na Fresno.

Wakenya na Watanzania wengi huko wanaendesha malori, na hao hukutana na CHP kwenye mizani. Ukaguzi kamili una hatua 37. Mkaguzi anaingia chini ya trela na kupima fimbo ya breki inasogea kiasi gani dereva akikanyaga. Asilimia 20 ya breki zikionekana na hitilafu, yaani mbili kati ya kumi, lori haliondoki hapo mpaka zitengenezwe.

Majina yasikuchanganye ukivuka jimbo. Pennsylvania iliunda polisi wa jimbo mwaka 1905, nao wanashughulikia uhalifu wa kila aina, barabara ikiwa sehemu tu ya kazi. Texas imeweka doria ya barabara chini ya idara ya usalama wa umma tangu 1935. Hawaii haina kabisa. Polisi wa kaunti wanatosha. California wanamwita askari wao ofisa, kwingine ni truupa (trooper).

Ukisimamishwa, egesha kulia, kaa ndani, mikono juu ya usukani. Mazoea yetu ya kushuka na kumfuata afande ili mzungumze yaache nyumbani, maana baada ya Newhall mtu anayetoka garini bila kuambiwa anatisha. Hutalipa chochote papo hapo. Utapewa hati utie saini, na saini hiyo haimaanishi umekiri kosa. Ni ahadi kwamba utaitikia wito wa mahakama. Soma jina la mahakama kabla hujaikunja hati. Askari aliyekuandikia ni wa jimbo zima, lakini kesi hubaki kaunti ileile uliposimamishwa, hata kama kwako ni mwendo wa saa saba.