Eti dawa ya mitishamba haina kemikali?

Ukipanda matatu hapa Nairobi mara kuna mtu anasimama kuuza dawa ya mitishamba, na cha kwanza anakuambia ni kwamba haina kemikali kwa hivyo haina madhara. Si kweli hata kidogo. Mimea inajitengenezea kemikali kali zinaitwa alkaloidi ndio wadudu na wanyama wasiimalize. Kafeini ya chai yako ni alkaloidi, nikotini pia, mofini ya wagonjwa wa kansa ilitoka kwa utomvu wa afyuni, na kwinini ilitolewa kwa gome la mti wa sinkona huko Paris mwaka 1820, sasa hapo "za hospitali" na "za asili" unazitenganisha aje?

Nyingine ni kwamba ukichemsha sana sumu inaisha, na hii inaniuma kwa sababu iko jikoni mwetu. Waru zikikaa juani sokoni zinageuka kijani. Ile rangi yenyewe haina shida, lakini mwanga huohuo unaongeza sumu inaitwa solanini, hasa kwa ganda na pale panapochipuka, na kuchemsha haitoi, hata kukaanga chipsi haisaidii sana. Kata kijani chote na nyama kidogo ya chini yake, na kiazi kikiwa kichungu tupa, kwani solanini ikizidi ni kutapika na kuhara.



Halafu mnanaha, ile magugu ya tunda la miiba. Mtu akila mbegu mdomo unakauka, mboni zinapanuka, moyo unaenda mbio, anaona vitu havipo. Lakini atropini iliyo ndani ndiyo madaktari wanamdunga mkulima aliyedhurika na sumu ya dawa fulani za kunyunyizia wadudu, wakipima kwa makini. Wewe usimchemshie mtu mnanaha, mkimbize hospitali.

Na kuna lile ua la pinki lenye asili ya Madagaska, watu wanaambia wagonjwa wa kansa wachemshe majani wanywe. Ni kweli vinkristini inayotibu watoto wenye kansa ya damu inatoka humo, ila kwa jani iko kidogo sana, hujui umekunywa ngapi, na hospitalini inaingia kwa mshipa kwa kipimo cha mwili wa mtoto. Kama mgonjwa wako ameshaanza kunywa, bebeni tawi lenyewe mkienda kliniki daktari alione kabla ya dawa nyingine.