Kubadilisha programu dhibiti ya konsoli ya mkononi: maana, faida na hatari

Programu dhibiti ni programu inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, kwenye chipu zilizofungwa katika ubao wake, na ndiyo huanza kufanya kazi mtu anapobonyeza kitufe cha kuwasha. Katika konsoli ya michezo ya mkononi, programu hiyo huendesha skrini na vitufe, husoma kadi, na pia hukagua sahihi ya kidijitali ya kila kinachotaka kufunguliwa. Kisicho na sahihi inayotambuliwa na mtengenezaji hukataliwa. Kuibadilisha ni kuweka mahali pake, au kupachika juu yake, toleo lililorekebishwa na watu wasio wa kampuni, ili ukaguzi huo usiwe tena na neno la mwisho.

Anayefikiria kufanya hivyo kwa kawaida huuliza kwanza atapata nini. Naona swali linalotangulia ni kama kuna njia ya kurudi mambo yakiharibika, kwa kuwa jibu lake hutofautiana sana kati ya konsoli moja na nyingine.

Faida zenyewe ni za kweli. PSP ya Sony, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2004, ilikuwa na prosesa inayoweza kufikia megahezi 333, lakini michezo iliwekewa kikomo cha 222 hadi sasisho rasmi la mwaka 2007. Waliotumia programu dhibiti iliyorekebishwa waliweza kuchagua kasi wenyewe. PS Vita, konsoli ya Sony iliyoifuata PSP, ilikubali kadi za kumbukumbu za aina yake pekee, zilizouzwa kwa bei ya juu, na marekebisho ndiyo yaliyowezesha adapta ndogo ya kutumia kadi za kawaida za microSD. Kuna pia programu zinazoandikwa na watu wa kujitegemea, zinazoiga mashine za zamani, na zinazonakili michezo pamoja na hatua ambazo mchezaji amezihifadhi. Jambo hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana: Nintendo ilifunga mauzo katika duka la mtandaoni la 3DS, konsoli yake ya mkononi, mwezi Machi 2023, na mwenye kifaa ambacho kampuni imeacha kukihudumia ana sababu nzuri ya kutaka nakala ya michezo aliyoilipia.

Hatari kubwa hutokea wakati wa kuandika upya kumbukumbu ya ndani. Betri ikiisha katikati ya kazi hiyo, au faili ikiwa ya modeli nyingine, konsoli inaweza isiwake tena. Faili yenyewe inaweza pia kuwa na nia mbaya: Oktoba 2005 ilisambazwa programu iliyodai kuifungua PSP, kumbe ilifuta faili nne za mfumo na kukiua kifaa. Mwaka 2007 ilipatikana njia ya kufufua PSP za namna hiyo kwa betri iliyorekebishwa, ambayo iliifanya konsoli iwake katika hali ya huduma na kusoma kadi ya nje, ila Sony ilibadilisha ubao katika vifaa vya baadaye na njia hiyo ikazibwa. Kwa hiyo vifaa viwili vinavyofanana kwa nje vinaweza kuwa na hatima tofauti kabisa baada ya kosa lile lile.

Nintendo Switch ina sura nyingine. Mwaka 2018 ulitangazwa udhaifu katika prosesa yake ya Tegra X1, ndani ya sehemu ya kumbukumbu inayoandikwa kiwandani na isiyoweza kusahihishwa kwa sasisho, hivyo konsoli zilizokwisha kuuzwa zilibaki wazi. Mfumo uliorekebishwa unaweza kupakiwa kutoka kwenye kadi kila inapowashwa, pasipo kugusa kumbukumbu ya ndani, na hofu ya kukiua kifaa hupungua mno. Inayobaki ni hofu ya kufungiwa: Nintendo huweza kuizuia konsoli yenyewe kuingia katika huduma zake za mtandaoni, na kufungua akaunti mpya hakuondoi zuio hilo.

Sheria kuhusu kubadilisha kifaa chako mwenyewe hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini kuuza njia za kucheza michezo iliyoibwa ni jambo jingine kabisa. Gary Bowser, aliyehusika na kikundi kilichouza vifaa vya kufungulia konsoli, alihukumiwa nchini Marekani mwaka 2022 kifungo cha miezi 40.

Kabla ya hatua yoyote, ninashauri kwa dhati kuchukua nakala kamili ya kumbukumbu ya ndani, pale ambapo kifaa kinaruhusu. Katika 3DS na Switch, nakala hiyo hubeba funguo na vitambulisho vya konsoli hiyo moja, kwa hiyo nakala ya mtu mwingine haiwezi kushika nafasi yake, na inapaswa kuwekwa kwenye kompyuta badala ya kuachwa kwenye kadi iliyo ndani ya konsoli.