Kuondoa majeshi ni nini hasa?

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kiti cha kinyozi wangu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, kitambaa kimenikaba shingo, redio inanguruma juu ya kioo. Mtangazaji akasema kuna mgombea ng'ambo anayeahidi "kuondoa majeshi na kubakiza kikosi kidogo". Kinyozi akadakia: "Si hata wale wa Somalia Trump alishawaondoa kitambo, mwalimu?" Nilinyamaza kwa sababu wembe ulikuwa karibu na sikio. Leo niko mbali na wembe.

Kuondoa majeshi ni kuwatoa wanajeshi wote katika nchi ya watu walikokuwa wakipigana, bila kuacha kambi. Basi, maana ni hiyo tu.

Kazi iko kwenye kiishio, yaani ule mwisho wa kitenzi, -oa. Ondoa ni wa ukoo mmoja na bomoa, ng'oa na chomoa. Ukoo huu hauna nusunusu: jino lililong'olewa halikuacha kipande kwenye ufizi, na likiacha tunasema limevunjika. Tena kila -oa ina -oka yake, na hapo ndipo wanasiasa wanapojificha. Anayebomoa ukuta anajulikana. Ukuta ukibomoka, hakuna wa kuulizwa. Kwa hiyo "nitawaondoa wanajeshi" ina mtu wa kudaiwa, "wanajeshi wataondoka" haina, na "wataondolewa hali ikiruhusu" imempa hali kazi ya urais. Mimi huwafundisha wanafunzi wangu kauli hizi kwa mifano ya milango na misumari, lakini nafikiri taarifa ya habari ya saa moja ingetosha.

Ujanja wa pili ni wa kivumishi. Mwaka 2008 Barack Obama, ambaye huku tulimfuatilia kama shemeji, aliahidi kuondoa Iraki brigedi za mapigano, yaani vikosi vikubwa vya kupigana, ndani ya miezi 16. Alipoingia madarakani tarehe ikasogezwa kidogo, ikawa 31 Agosti 2010. Siku hiyo ilipofika, wanajeshi wapatao 50,000 walikuwa bado wako Iraki, sasa kazi yao ikiitwa kufunza na kushauri. Hakusema uongo. "Za mapigano" ilikuwemo tangu mwanzo, ni sisi tulioimeza bila kutafuna. Wa mwisho walivuka kuingia Kuwait Desemba 2011, na kufikia 2014 wengine walikuwa wamerudishwa kupambana na kundi la ISIS.

Sasa Somalia. Desemba 2020 Trump aliagiza wanajeshi wapatao 700 watolewe, na kufikia katikati ya Januari 2021 walikuwa wametoka. Wakaenda wapi? Wengi hawakurudi kwao. Walipelekwa nchi jirani, Djibouti na hapa Kenya, wakawa wanaingia Somalia kikazi na kutoka. Mei 2022 Biden akaruhusu idadi isiyofika 500 warudi kukaa. Mtu akihama Umoja akaenda mtaa wa jirani, Kayole, mwenye nyumba wa Umoja ana haki ya kusema kaondoka. Wa Kayole hawezi kusema hivyo, na katika hadithi hii Kayole ni sisi. Kiswahili kina neno lake hapo: kuhamisha.

Na tusiwacheke Wamarekani sana. Wanajeshi wetu waliingia Somalia Oktoba 2011 kwa operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Mwaka uliofuata wakaingizwa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, mwaka 2022 AMISOM ikawa ATMIS, na 2025 ATMIS ikawa AUSSOM. Kibao cha langoni kimebadilishwa mara tatu na buti bado ziko ndani. Kila mwaka wa uchaguzi, na hasa baada ya al-Shabaab kuvamia kambi yetu ya El Adde, Somalia, Januari 2016, utasikia "warudisheni vijana wetu nyumbani". Ni maneno ya uchungu na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni wa Juni 2023, ATMIS ilipopunguza askari 2,000 na watu wakasema Umoja wa Afrika umeondoa majeshi. Maelfu walikuwa wamebaki. Awamu ya pili ya kupunguza ilipokaribia, Mogadishu yenyewe iliomba shughuli isimamishwe kwa miezi mitatu.

Ukitaka kuondoa kwenyewe, kumbuka Kabul usiku wa 30 Agosti 2021. Ndege ya mwisho ya Marekani ilipaa kabla ya saa sita usiku na hakubaki mwanajeshi wao hata mmoja. Siku nne nyuma bomu lilikuwa limeua Waafghani wengi na wanajeshi 13 wa Marekani kwenye lango la uwanja wa ndege. Unaweza kulaani namna lilivyofanywa, lakini neno lilikaa mahali pake.

Nirudi kwa kinyozi. Kila ninapokaa kwenye kile kiti huniuliza, "Tunapunguza ama tunanyoa?" Miaka yote hiyo hajawahi kuchanganya. Mashine namba mbili ni kupunguza. Wembe mpaka kichwa king'ae ni kunyoa, na mteja aliyeomba la kwanza akafanyiwa la pili hatalipa. Basi, ndugu yangu, wale wa Somalia mwaka ule walihamishwa, na yule wa redioni anaahidi kupunguza. Jumamosi nakuja. Mimi ni namba mbili, kama kawaida.