Wingi wa kamati si uimara wa chama: dhana potofu kuhusu kamati za kudumu

Kila chama cha wanataaluma kinachoniomba nikisaidie kuandika katiba hunitumia kwanza orodha ya kamati. Malengo ya chama bado hayajakubaliwa, ada ya uanachama haijapangwa, lakini orodha ya kamati iko tayari, na mara nyingi majina ya wenyeviti yameshaandikwa kwa penseli pembeni. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe, Julai 2022, kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, walimu na wahadhiri wa Kiswahili wanaokuja kwangu wana hamu kubwa ya kujipanga, na hilo ni jema. Ila dhana zilezile nilizozisikia kwa wanahistoria na kwa wakutubi sasa nazisikia kwao pia. Nimeamua kuziandika ili nisizirudie tena kwa mdomo. Nitaanza na ile inayonikera kuliko zote.

Dhana: "Chama imara ni kile chenye kamati nyingi za kudumu"

Hebu tupige hesabu. Tuseme chama kina wanachama 80 waliolipa ada ya mwaka. Katiba imetaja kamati 9 za kudumu, kila moja ya wajumbe 7. Hivyo ni viti 63. Sasa ondoa walio masomoni nje ya nchi, ondoa wastaafu wasiotaka tena vikao, ondoa waliojiunga ili tu wapate nafasi ya kusoma mada kwenye kongamano. Waliobaki hawatoshi viti hivyo hata ukiwabembeleza, kwa hiyo mtu mmoja anapewa kamati tatu. Siku za vikao zikifika, akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe inayoruhusu kikao kuamua, haitimii popote, maana watu wanaosubiriwa kila chumba ni walewale.

Akidi kutotimia si madhara makubwa zaidi. Makubwa zaidi ni kwamba aliyepitisha bajeti ya kongamano akiwa kamati ya fedha ndiye anayeitumia akiwa kamati ya kongamano, kisha ndiye anayeipokea ripoti ya matumizi akiwa halmashauri tendaji. Hapo chama kina kamati 9 na hakina hata mtu mmoja anayemkagua mwenzake. Kamati tano zenye watu tofauti zingekilinda chama hicho kuliko tisa zenye watu walewale.

Kwa nini orodha inarefuka? Mara nyingi kiti cha kamati hutumika kumtuliza aliyeshindwa uchaguzi. "Daktari amekosa uenyekiti kwa kura chache, basi tumpe kamati." Ndivyo inavyozaliwa Kamati ya Uhusiano wa Kimataifa katika chama ambacho hakijaandikiana barua na chama chochote cha nje. Wengine hunijia na hoja ya kanda: Kaskazini, Mashariki, Magharibi na Kati, kila kanda ipate mwenyekiti wa kamati. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu wanachama wa Arua au Kabale wana haki ya kulalamika kila kitu kinapoamuliwa Kampala. Lakini mahali pake ni halmashauri tendaji. Wekeni humo viti vya kanda, viandikwe ndani ya katiba. Kwenye kamati ya fedha mpelekeni mtu anayeweza kusoma hesabu, awe ametoka Arua au Wandegeya, Kampala.

Mimi huuliza hivi kuhusu kila kamati inayopendekezwa. Je, kazi yake hurudi kila mwaka? Ikikosa mwenyewe kwa mwaka mmoja, nani ataumia? Na je, hakuna ofisa mmoja, tuseme katibu mwenezi, anayeweza kuifanya peke yake? Fedha hupita mtihani huo. Uteuzi wa wagombea hupita, maadili hupita, machapisho hupita ikiwa chama kina jarida. Uanachama hupita pale ambapo maombi lazima yapimwe kwa sifa za kitaaluma. Kamati ya tovuti haipiti. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja na nenosiri lake, na mwenzake mmoja anayelijua nenosiri hilo. Kamati ya vijana nayo kwa kawaida haipiti, kwa sababu vijana ni wanachama kama wengine. Wapeni viti katika kamati zenye kazi, msiwatenge katika kamati yao isiyo na bajeti.

Ubishi mkali zaidi huwa juu ya kamati ya mtaala. Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, NCDC, kikitaka maoni ya wataalamu kuhusu mtaala kama ule wa sekondari ya chini ulioanza kutumika 2020, hiyo ni kazi yenye mwanzo na mwisho. Undeni kamati maalumu ya watu watano, ipeni hadidu za rejea na tarehe, pokeeni ripoti yake, na kamati iishie hapo. Kanuni za mikutano zinazofuata mapokeo ya Henry Martyn Robert, ofisa wa jeshi la Marekani aliyezichapisha 1876, ziko wazi katika hili: kamati maalumu hukoma ikishatoa ripoti yake ya mwisho, bila hata kuvunjwa kwa kura. Mkiigeuza kuwa ya kudumu, miaka miwili baadaye itakuwa inakutana kujadili lini ikutane.

Kongamano la mwaka ndilo linaloonyesha vizuri kazi ya kudumu na kazi ya muda zinavyoishi pamoja. Karibu kila katiba ninayoletewa ina "Kamati ya Kongamano" moja inayofanya yote, kuanzia kuchambua ikisiri, yaani muhtasari wa mada zinazoombewa nafasi, hadi kutafuta mpishi. Igawanyeni. Kamati ya programu iwe ya kudumu: inatangaza mada kuu, inapokea ikisiri, inazipeleka kwa wapimaji zikiwa zimeondolewa majina, inapanga vikao, na inatunza kumbukumbu za nani alikubaliwa na nani alikataliwa na kwa nini. Kumbukumbu hizo zinahitajika mwaka unaofuata, na mwaka baada ya huo. Kamati ya maandalizi ya mwenyeji ni ya muda. Kongamano likiwa Gulu, inaundwa na watu wa Gulu wanaojua bweni gani lina maji na projekta ipi inafanya kazi. Likihamia Mbarara, wanaundwa wengine. Ile ya Gulu haivunjiki siku wageni walipoondoka. Inavunjika siku ilipokabidhi hesabu na stakabadhi kwa mhazini. Andikeni sentensi hiyo katika kanuni zenu kama ilivyo. Nimeona vyama vinavyodai stakabadhi za kongamano la mwaka juzi kutoka kwa kamati ambayo hakuna anayekumbuka wajumbe wake.

Kuna kazi isiyokwisha kweli. Chama cha maprofesa wa vyuo vikuu vya Marekani, AAUP, kilianzishwa 1915, na Kamati A yake, inayoshughulikia uhuru wa kitaaluma na usalama wa ajira za wahadhiri, ingali inafanya kazi. Haikudumu kwa sababu ya heshima ya jina. Wahadhiri hawajaacha kufukuzwa kwa maneno yao, na kila mlalamikaji mpya anahitaji kusikilizwa na chombo kinachokumbuka malalamiko yaliyotangulia.

Dhana: "Kamati ikishaamua, chama kimeamua"

Hapana. Kamati ina mamlaka yale tu iliyokabidhiwa na katiba, na mara nyingi mamlaka hayo ni kuchunguza na kupendekeza. Hata Kamati A niliyoitaja huchunguza malalamiko na kupendekeza chuo kikemewe. Kura ya kukikemea hupigwa na chombo cha juu yake.

Dhana hii huumiza zaidi kwenye pesa na mikataba. Chama chenu kinaweza kuwa kimesajiliwa na URSB, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, kama kampuni yenye ukomo kwa dhamana, au kimesajiliwa kama shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya 2016. Kwa njia yoyote ile, anayetambuliwa na sheria ni chama. Kamati haina nafsi ya kisheria. Haiwezi kushtaki wala kushtakiwa, na mwenyekiti wake akisaini mkataba wa ukumbi bila idhini ya chama, huenda akadaiwa yeye binafsi. Kwa hiyo kamati isifungue akaunti yake benki. Na ada za kongamano zisikusanywe kwenye simu ya katibu wa kamati, hata kama ni mtu mwaminifu kiasi gani. Simu ikiibiwa kwenye teksi, au mwenyewe akifariki, pesa za chama zimeingia katika mali ya mtu, na ndugu zake hawana sababu ya kuwaamini mnapodai kuwa ni zenu.

Dhana: "Aliyeingia kamati ya kudumu ameingia hatoki tena"

Kinachodumu ni kazi. Bunge letu la Uganda lina kamati za kudumu, na wajumbe wake hupangwa upya Bunge likifika nusu ya muhula wake, yaani baada ya miaka miwili na nusu. Kwa chama cha wanataaluma napendelea muhula wa miaka mitatu, theluthi moja ya wajumbe ikitoka kila mwaka, na mtu asizidishe mihula miwili mfululizo. Kamati ikibadilishwa yote kwa siku moja, wapya hukuta kabati la mafaili wasilolielewa. Isipobadilishwa kabisa, hakuna mhadhiri kijana atakayejifunza kuiendesha.

Dhana: "Mwenyekiti wa chama awe mjumbe wa kila kamati"

Anaweza kuwa mjumbe kwa wadhifa wake, isipokuwa katika kamati ya uteuzi. Asiwachague watakaogombea nafasi yake. Na mhazini asiongoze kamati ya fedha: aje, atoe hesabu, ajibu maswali. Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali huongozwa na mbunge wa upinzani kwa sababu ileile: anayetumia pesa asijikague mwenyewe.

Dhana: "Mhariri wa jarida anapokea amri za kamati ya machapisho"

Kamati ya machapisho humteua mhariri mkuu, huweka muhula wake, hupanga bajeti, huamua jarida litoke mara ngapi kwa mwaka na kama makala yatasomwa bure mtandaoni. Kuamua makala ipi ichapishwe ni kazi ya mhariri na wapimaji wake. Mwenyekiti wa kamati akipiga simu kuombea makala ya mwanafunzi wake, mhariri ana haki ya kukataa, na haki hiyo iandikwe. Jarida hupita mikononi mwa wahariri wengi: Uganda Society ilianzishwa 1923, na jarida lake, Uganda Journal, likaanza 1934. Hakuna mhariri mmoja wa kubeba kazi ya urefu huo, kwa hiyo anahitajika mwenye kumteua mwingine na kukabidhi mafaili.

Dhana: "Kamati ya maadili ni mahakama ya chama"

Haimfungi mtu wala haimtozi faini asiyoikubali alipojiunga. Inachoweza ni kuonya, kusimamisha uanachama, au kupendekeza mtu aondolewe. Hata hivyo utaratibu wake usiwe wa kubahatisha. Mlalamikiwa apewe tuhuma kwa maandishi, apewe muda wa kujibu, na mlalamikaji asikae kwenye kiti cha mwamuzi. Katiba ya Uganda ya 1995 inatoa haki ya kusikilizwa kwa usawa katika Ibara ya 28, na Ibara ya 44 inakataza haki hiyo kupunguzwa. Tuhuma za jinai, kwa mfano mhadhiri kumnyanyasa mwanafunzi kingono, zipelekwe polisi na chuoni. Kuzimaliza ndani ya kamati ili kulinda jina la chama ni kumdhulumu aliyeumizwa, na sitasaidia kuandika kanuni inayoruhusu hilo.

Dhana: "Bila posho hakuna kikao"

Rudisheni nauli, msilipe posho. Kutoka Arua hadi Kampala ni takriban kilomita 500, na mjumbe asijigharamie safari hiyo. Lakini posho ya kukaa hugeuza idadi ya vikao kuwa chanzo cha kipato, na ajenda hugawanywa vipande ili vikao viongezeke. Kutaneni ana kwa ana mara moja kwa mwaka, siku moja kabla ya kongamano, wakati wajumbe wamekwishafika. Vikao vingine viwe mtandaoni.

Hapo naambiwa kwamba akidi ya mtandaoni haihesabiki kisheria. Inategemea katiba yenu imesema nini, na nyingi hazijasema lolote. Ongezeni kifungu kwamba mjumbe anayewasikia wenzake na kusikika nao anahesabiwa kuwa yupo, na kwamba akikatika na akidi ikavunjika, kura isipigwe mpaka arudi. Kifungu hicho kinapitishwa na mkutano mkuu, kwa hiyo kiingizeni kwenye ajenda mapema, na maneno yake yatumwe kwa wanachama pamoja na taarifa ya mkutano.