Waya nao una ukinzani: hesabu ya mkondo kwenye banda la kuku

"Fundi, nimeshabadili globu mara mbili, bado inawaka kama ina usingizi."

Mama aliyeniita kule Mkuranga alikuwa analea vifaranga. Betri ya sola ya volti 12 iko sebuleni, banda liko nyuma ya nyumba, na waya wa kwenda huko una urefu wa mita 20. Kule mwisho amefunga globu ya taa kubwa ya gari, wati 55, iwape vifaranga joto. Nikapima kwenye vichwa vya betri taa ikiwa inawaka: volti 12.0 kamili. Kwa hiyo betri haina kosa, na globu ni mpya.

Vijana ninaowafundisha ukiwauliza kuna vitu vingapi kwenye sakiti hiyo, watakujibu viwili, betri na taa. Waya hawauhesabu. Lakini umeme ukitoka kwenye betri unapita waya wa kwenda, unapita globu, unarudi kwa waya wa pili, na hauna njia nyingine. Huo ndio mfululizo, au "siriz" kama tunavyosema kazini. Mkondo, yaani umeme unaopita, ni uleule kila mahali. Hauliwi na taa njiani. Kinachogawanywa ni volti.

Basi tuanze na ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia mkondo; kipimo chake ni omu. Globu ya wati 55 kwa volti 12: volti mara volti, gawanya kwa wati, 12 × 12 ÷ 55, unapata omu 2.62. (Usiupime kwa mita globu ikiwa baridi. Itakusomea hata chini ya nusu omu, kwa sababu uzi wa ndani ukinzani wake hupanda mara nyingi ukishapata moto. Hapo wengi hupotea.) Waya alioutumia ni ule wa 1.5, yaani milimita mraba 1.5. Shaba ya unene huo ina kama omu 0.0115 kwa kila mita. Zidisha kwa 40, siyo 20, maana umeme unakwenda na kurudi: omu 0.46.

Kwenye mfululizo ukinzani (R) unajumlishwa kwanza, ndipo unagawanya volti (V) kwa jumla hiyo kupata mkondo (I):

R = 2.62 + 0.46 = omu 3.08
I = V ÷ R = 12 ÷ 3.08 = ampea 3.9

Kosa ninaloliona kila muhula ni mtu kuchukua volti 12 zote na kuzigawanya kwa kila kipande peke yake. Ukifanya hivyo kwa waya, 12 ÷ 0.46, unapata ampea 26. Namba hiyo siyo ya bure: ni takriban mkondo utakaopita siku waya hizo mbili zikigusana kule bandani. Ndiyo maana nilimwekea fyuzi ya ampea 10 karibu na betri kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Sasa rudi na ampea 3.9. Kwenye waya, 3.9 × 0.46 ni volti 1.8. Kwenye globu, 3.9 × 2.62 ni volti 10.2. Jumla yake ni 12. Isipofika hapo, rudia hesabu. Globu inapata wati 40 tu (10.2 × 3.9) badala ya 55. Mita yangu ilisoma ampea 4.1, juu kidogo ya hesabu, kwa kuwa uzi usiopata moto wake wote hushuka ukinzani. Tofauti hiyo hainisumbui.

Georg Simon Ohm mwenyewe, Mjerumani ambaye omu imeitwa kwa jina lake, akiwa mwalimu wa hesabu na fizikia mjini Cologne, alianzia hapohapo kwenye waya. Aliunganisha vipande vya urefu mbalimbali na kuangalia mkondo unavyopungua. Betri za wakati ule zilimsumbua kwa kuyumba, akaziacha, akatumia kiungo cha metali mbili, bismathi na shaba, kinachotoa umeme kwa tofauti ya joto: upande mmoja kwenye maji yanayochemka, wa pili kwenye barafu. Katika hesabu yake ya 1826, chini ya mstari wa kugawanya kulikuwa na vitu viwili vilivyojumlishwa: waya unaopimwa, na sehemu yote iliyobaki ya sakiti. Kitabu kikafuata 1827. Sisi darasani tumekariri V = IR, tukausahau waya.

Mama nilimpa njia mbili. Waya wa 4 ungeshusha ukinzani wa njia hadi omu 0.17, na taa ingepata volti 11.3, lakini mita 40 za shaba nene ni pesa. Tukachagua kuihamishia betri kwenye kibanda kilicho karibu na banda la kuku, waya ukabaki mita 4: omu 0.09 kwenda na kurudi, ampea 4.4, volti 11.6 kwenye globu.

Wiki iliyofuata akapiga simu. Taa safi, vifaranga wametawanyika vizuri, ila betri sasa inazima kabla ya alfajiri.