Farasi wa Dresden: yanayosemwa vibaya kuhusu Slaughterhouse-Five

Kurt Vonnegut, mwandishi wa Marekani, alikuwa askari wa miaka 22 alipotekwa na Wajerumani, Desemba 1944, katika mapigano ya Ardennes. Wiki chache baadaye alikuwa Dresden, mji wa Ujerumani, akilala na mateka wenzake katika jengo la machinjio lenye namba tano. Usiku wa tarehe 13 Februari 1945, ndege za Uingereza zilipoanza kuuteketeza mji, wao walikuwa chini ya ardhi katika chumba cha kuhifadhia nyama. Walipotoka, mji haukuwapo. Alihangaika na habari hiyo zaidi ya miaka ishirini kabla ya kupata namna ya kuiandika, na riwaya ya Slaughterhouse-Five ikatoka mwaka 1969, Marekani ikiwa imezama katika vita vya Vietnam.

Ni kitabu kifupi, na wengi hukisoma haraka. Ndiyo sababu kila ninapokizungumzia nakutana na kauli zilezile, na nyingine zinaniuma kwa sababu zinakipokonya kitabu kile hasa kilichoandikiwa.

"Ni hadithi ya sayari za mbali na kusafiri katika wakati"

Ni kweli kwamba Billy Pilgrim, mhusika mkuu, hufumba macho akiwa mzee na kuyafumbua akiwa kijana katika theluji ya vita. Ni kweli pia kwamba anasema alitekwa mwaka 1967 na viumbe wa sayari iitwayo Tralfamadore, wakamweka katika bustani ya wanyama ili wamtazame. Lakini fuata tarehe. Billy anaanza kubanduka katika wakati mwaka 1944, akiwa mgonjwa, mwenye njaa, amepotea nyuma ya safu za adui. Viumbe wale hawajatokea bado, na mwandishi anasema wazi kwamba hawakuhusika na hali hiyo. Walichompa baadaye ni maelezo tu.

Na maelezo yenyewe yametoka wapi? Mwaka 1948 Billy yuko katika hospitali ya wanajeshi wastaafu, hataki kuishi. Mgonjwa wa kitanda cha jirani anamwazima riwaya za mtunzi mmoja asiyejulikana, zilizojaa safari za angani. Miaka mingi baadaye, dukani New York, Billy anafungua kitabu cha mtunzi huyohuyo na kukuta habari ya mwanamume na mwanamke waliotekwa na kuwekwa maonyeshoni katika sayari ya mbali. Kisha anakumbuka: alishakisoma kule hospitalini. Vonnegut hatangazi hukumu, nami sitaitangaza kwa niaba yake. Ameliweka jambo hilo mezani tu, msomaji alitazame.

Tazama pia mambo madogo. King'ora cha saa sita mchana kinalia mjini kwao na Billy anaruka kwa hofu, kana kwamba vita ya tatu ya dunia imeanza. Analia peke yake kimyakimya bila kujua sababu, na daktari anamwagiza alale kidogo kila siku mchana. Haya yaliandikwa mwaka 1969. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliuingiza ugonjwa huu wa kiwewe katika mwongozo wake rasmi mwaka 1980. Riwaya ilikuwa imetangulia kwa miaka 11, tena kwa umbo lake lenyewe: aliyeumia hasimulii mambo kwa mfululizo. Yaliyopita yanamjia yenyewe, yakiwa mabichi.

"Mwandishi hajali, kila mtu akifa anasema 'ndivyo ilivyo' na kuendelea"

Maneno hayo yanarudi zaidi ya mara 100, kila kifo kinapotajwa. Wanakufa maelfu ya watu, ndivyo ilivyo. Wanakufa chawa katika nguo za wafungwa, ndivyo ilivyo. Hata shampeni iliyoisha mapovu inapata neno lake la mazishi. Mwanzoni msomaji anaweza kucheka. Ukifika mara ya hamsini hucheki tena. Umeanza kuhesabu, na katika vita hakuna anayetaka uhesabu. Kisha sura ya mwisho inamtaja seneta Robert Kennedy, aliyepigwa risasi siku mbili kabla mwandishi hajaandika maneno hayo, na Martin Luther King, aliyeuawa kabla yake, na idadi ya maiti za Vietnam ambayo serikali humletea mwandishi kila siku. Ndivyo ilivyo. Soma ukurasa huo kwa sauti, halafu niambie kama aliyeuandika hajali.

"Kitabu kinafundisha kwamba binadamu hana hiari, kila kitu kimeshaandikwa"

Hii ndiyo dhana inayosambaa kuliko zote, tena kwa wasomaji makini. Watu wa Tralfamadore wanaona nyakati zote kwa pamoja, kama mtu anavyoona safu nzima ya milima. Kwao aliyekufa yu hai katika nyakati nyingine, vita haizuiliki, na habari za hiari hazisikiki popote ila duniani. Wanajua hata ulimwengu utakavyokwisha: rubani wao, akijaribu mafuta mapya ya chombo cha angani, atabonyeza kitufe. Billy anauliza kwa nini wasimzuie. Jibu lao ni kwamba amekibonyeza siku zote, na atakibonyeza siku zote.

Jiulize jibu hilo linamfaa nani. Kwa mtu aliyetoka chini ya ardhi na kukuta mji umekuwa jivu ni dawa, kwa sababu linamwondolea swali la kwa nini yeye amepona. Simlaumu Billy kwa kuikumbatia. Lakini jibu hilohilo linamfaa pia aliyeagiza mabomu.

Mwandishi mwenyewe anasimama wapi? Katika sura ya kwanza, kwa sauti yake, anasema amewaambia wanawe wasishiriki mauaji ya halaiki kwa hali yoyote, wasifurahie habari za kuuawa kwa adui, wala wasifanye kazi katika kampuni zinazotengeneza vyombo vya mauaji hayo. Anayeamini kila kitu kimeshaandikwa hawapi watoto wake maagizo.

Yupo pia mzee Edgar Derby, mwalimu, mwenye miaka 44 kati ya vijana. Mmarekani msaliti anakuja machinjioni kuwashawishi mateka wenye njaa wajiunge na jeshi la Wajerumani, akiwaahidi chakula kizuri. Derby anasimama, anamwita nyoka na kusema juu ya uhuru na haki. Mwandishi anasitisha hadithi kutuambia kwamba vita huwanyima watu nafasi ya kuwa wahusika, ila dakika ile Derby amekuwa mhusika. Baadaye anapigwa risasi kwa kuokota buli katika vifusi. Jambo hilo tunaelezwa tangu mwanzo wa kitabu. Hata hivyo, hakuna anayemwamuru asimame.

"Waliokufa Dresden ni watu 135,000, kitabu kimesema"

Kimesema, na kimekosea. Idadi hiyo ilitoka kwa David Irving, Mwingereza aliyeandika kitabu juu ya Dresden, ambaye baadaye mwenyewe alikiri ilikuwa kubwa mno. Tume ya wanahistoria iliyoundwa na mji wa Dresden ilihitimisha mwaka 2010 kwamba waliokufa hawakuzidi 25,000. Riwaya isomwe kama ushuhuda wa aliyekuwapo, na takwimu zitafutwe kwa wanahistoria.

"Billy hahisi kitu"

Mei 1945, vita imekwisha. Billy na wenzake watano wanarudi machinjioni kutafuta vitu vya kumbukumbu, wakiwa katika gari la kijani linalokokotwa na farasi wawili. Billy amelala nyuma, jua linampiga. Watu wa Tralfamadore watamshauri miaka mingi baadaye atazame nyakati nzuri tu na kuzipuuza mbaya, na mwandishi anasema kwamba, kama uchaguzi huo ungewezekana, huenda Billy angechagua usingizi huo wa juani kuwa wakati wake wa furaha kuliko zote.

Wanatokea mume na mke, Wajerumani, madaktari waliokuwa wakizalisha wanawake mpaka hospitali zote zilipoteketea. Wanawabembeleza farasi kwa sauti ya chini. Kisha wanamwambia Billy, kwa Kiingereza, ashuke awaangalie. Lijamu zimewachana midomo hadi inatoka damu. Kwato zimepasuka, kila hatua ni mateso, na kiu imewatia wazimu. Wamekuwa hivyo muda wote alipokuwa amelala.

Billy anaangua kilio. Katika vita nzima hakuwa amelia.